Kabati Lililotoka Kitabuni

Bi Maalim hakujua kusimama. Ukitaka kumwona ametulia, ilikubidi umwonyeshe kitu kipya. Siku zote nyingine alikuwa mbio: mbio kwenda chuoni na kifimbo chake kwapani, mbio kurudi kuonja mbaazi jikoni, mbio kwenda kumjulia hali mgonjwa wa mtaa wa pili, na katika mbio hizo anaamkia watu wa pande zote mbili za njia bila kukosea jina la mtu. Mnaofikiri walimu wa dini wote wana mwendo wa taratibu, hamkumwona huyu.

Nilikuwa mpangaji wake pale Ukunda, miaka ile ya mwisho ya tisini. Mimi ni mtu wa Ukambani. Nilikuja pwani na mume wangu alipopata kazi ya uaskari katika hoteli moja ya Diani, nami nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika londri ya hoteli hiyohiyo. Bi Maalim alikuwa mjane, mwenye nyumba wetu, na mwalimu wa chuo cha Kurani kilichokuwa mlemle uani, chini ya banda la makuti. Mtaa mzima ulimwita Bi Maalim. Jina lake hasa nililisikia mara moja tu, wala sitalitaja, kwa sababu mwenyewe alikuwa halipendi.

Asubuhi ya kwanza nilimsalimia kama tulivyozoea bara.

"Sasa, mama!"

Akaweka kifimbo chini. "Sasa nini? Sasa saa ngapi? Hebu toka nje, mwanangu, uingie tena."

Nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilitoka hadi njiani na beseni langu mkononi, nikapiga hodi, nikangoja niitikiwe, nikaingia na kusema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Bwana hajambo? Watoto hawajambo? Karibu, karibu sana, nyumba ni yako." Na uso wake wote ukafunguka, kana kwamba yule mwanamke wa dakika moja iliyopita alikuwa mpangaji mwingine aliyehama. Tangu siku hiyo Kiswahili changu kilikuwa mikononi mwake, na kama leo ninaandika sentensi inayosomeka, nusu ya kazi hiyo ni yake.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa israfu. Ukimwaga maji ya kuoshea mchele badala ya kumwagilia mchicha, israfu. Ukiwasha taa kabla ya magharibi, israfu. Harusi ikipikwa biriani ya kubaki, alisimama katikati ya wanawake, kidole juu, akatoa hotuba ndefu hata biriani yenyewe ikapoa. Alikuwa na leso za kuvaa nyumbani jozi mbili tu, moja mwilini na moja kambani, na alizionyesha kwa majivuno kama wengine wanavyoonyesha dhahabu.

Alikuwa pia na sheria yake ya dukani. Ukiona kitu ukakitaka, kiache hapohapo, urudi nyumbani mikono mitupu. Ukiamka kesho yake bado moyo unakitaka, kifuate.

"Ile njia ya jua kali ndiyo itakayokuuliza," alikuwa akisema. "Mimi simuulizi mtu. Njia itakuuliza yenyewe: Je, Mama Mutheu, kweli wakitaka?"

Msinicheke, sheria ile ilifanya kazi. Niliwahi kuona viatu vyekundu kwa muuza mitumba karibu na barabara kuu, nikavitamani mpaka mate yakanijaa. Nikaviacha. Nilipofika kituo cha mafuta nilikuwa nawaza viatu, nilipofika msikitini nilikuwa nawaza jua, na nilipofika nyumbani nilikuwa nawaza maji ya kunywa. Kesho yake sikumbuki hata kama nilivaa viatu.

Ilinichukua muda kugundua kwamba sheria ile aliitunga kwa ajili yake mwenyewe. Bi Maalim alipenda vitu! Alivipenda kwa mapenzi ya mtoto mdogo. Ukinunua chupa ya chai mpya, utamkuta chumbani mwako anaifungua na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Pasi yangu ya mkaa aliifungua mdomo akaichungulia ndani mfano wa daktari wa meno. Kitambaa cha mtu yeyote alikishika kwa vidole viwili, akakisugua, akakinusa.

"Naangalia tu," alikuwa akisema. "Kuangalia si kununua."

Sasa niseme kuhusu kabati, maana mambo yote yaliyofuata yaliegemea hapo. Chumbani mwake palikuwa na kabati la vyombo la mvule, refu kupita mtu, alilolikuta siku alipoolewa. Mlango mmoja ulikuwa na kioo kilichopasuka, kimezibwa kwa plasta ya kidonda. Ndani yake mlikaa sahani za kauri, mabakuli, vikombe na masinia, na kila chombo kilikuwa na nukta ya rangi nyekundu chini ya tako ili kikiazimwa kijulikane kwao. Na viliazimwa haswa! Hapakuwa na harusi wala matanga mtaani petu bila nukta nyekundu kwenda na kurudi. Mimi Mkristo mtoto wangu alipobatizwa, wageni wangu walikula kwenye sahani za Bi Maalim.

Bintiye wa pekee, Mejumaa, alikulia ndani ya kabati lile, na sisemi kwa kupamba maneno. Alipokuwa mdogo alijificha kwenye sehemu ya chini, katikati ya masufuria, akalala humo, watu wakamtafuta mtaa mzima. Kila mgeni alionyeshwa alama ya meno aliyoitia ubaoni alipokuwa akiota jino. "Nikiolewa hili ni langu," alikuwa akisema tangu hajui kufunga leso. Na mama yake alikuwa akijibu, "Lako, nani mwingine?"

Kuna jambo jingine sharti nilitaje. Zilipotokea zile fujo za kuwafukuza watu wa bara pwani, wenzangu wakawa wanafunga virago na kuondoka kwa hofu, Bi Maalim alileta mkeka wake akautandika mlangoni kwangu. Akaketi hapo na ukindu wake, akisuka ukili wa vikapu. Alisuka kutwa. Kila aliyepita alimwamkia kwa jina lake, jina la mama yake na jina la nyanya yake, akamuuliza aenda wapi na arudi saa ngapi. Hakuna aliyeweza kusimama mbele ya maswali yale. Sikumshukuru ipasavyo, kwa sababu hakunipa nafasi, alikuwa mbio.

Mambo yalipotulia, wageni wakaanza kurudi hotelini. Mmoja wao alikuwa bibi wa Kijerumani, mzee mwenye roho nzuri, aliyezoea kuja mara mbili kwa mwaka na kukaa hadi ngozi yake ifanane na kamba aliyechemshwa. Siku moja aliniita akanipa kitabu kizito, chote picha za rangi. Kwa Kiingereza changu cha londri nilimwelewa. Kilikuwa kitabu cha duka. Kwao, alisema, mtu hukaa kitini mwake, akachagua picha, akatuma karatasi kwa posta, na kitu kikaja mpaka mlangoni.

Nilikipeleka nyumbani kwa kukimbia, nikamweleza Bi Maalim. Akakaa chini kabisa.

"Haendi popote?"

"Haendi popote."

"Hashindani na muuzaji? Hapigwi na jua?"

"Hata viatu havai, Bi Maalim."

"Allahu akbar," alisema, akanyoosha mikono miwili. "Lete!"

Akakipakata, akasema bismillahi, akakifungua kutoka kulia, kama alivyofungua kila kitabu maishani mwake. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba vitabu vya wale watu huanzia upande wa pili.

"Kitabu ni kitabu, mwanangu. Wewe tulia."

Nikatulia. Basi ukurasa wetu wa kwanza ukawa ule Mjerumani aliomalizia, na tulikwenda hivyo, tukirudi kinyumenyume kuelekea mwanzo wake. Vitu vya kurasa hizo vilikuwa vya ajabu! Meko yenye vifungo, vitanda vya mapazia, makabati meupe yenye milango ya kioo na vyombo tayari ndani, kila kimoja kimejaa ukurasa, rangi zinang'aa kuliko kitu chochote tulichowahi kukiona. Maandishi hatukuyajua. Nambari zilikuwapo, lakini tulidhani zote ni bei.

Tatizo lilikuwa watu waliokuwamo. Kule ndani zaidi mlikuwa na wanawake waliovaa nguo za ndani peke yake, wanacheka. Bi Maalim alikifunga kitabu kwa kishindo. Akaenda jikoni akakoroga uji mzito wa unga wa ngano, akarudi na kidole kimelowa, akaanza kugandisha kurasa, mbili mbili, huku amefumba jicho moja. Aliwagandisha wanawake wote wa nguo za ndani. Akarudi kulia akagandisha na kurasa za masanamu, yale ya watoto wa plastiki wenye macho ya buluu, kwa sababu chuo hakiwezi kukaa na kitabu cha masanamu. Kitabu kilipotoka mikononi mwake kilikuwa kimenenepa, ila kilikuwa safi.

Ndipo wakaja wanawake. Baada ya alasiri, chuo kikishatawanyika, mkeka ulijaa. Mtu anaweka kidole kwenye picha: "Changu hiki!" Mwingine: "Basi mimi hiki cha pembeni, usinishike mkono!" Tulicheka, tulisukumana, tulipanga nyumba ambazo hatukuwa nazo. Sijui kama nimewahi kufurahi na wanawake wenzangu namna ile. Na kila jioni nilirudi chumbani kwangu nikakiona kidogo zaidi. Jiko langu lilikuwa bovu. Pasi yangu ilikuwa aibu. Mume wangu aliuliza siku moja, "Tangu lini birika letu likawa baya?" nami nikazidi kulisugua. Nitasema wazi ninavyoona: kitabu kile kilitufanya maskini katika muda mfupi sana, na hapana aliyetuibia hata kijiko.

Bi Maalim ndiye aliyezidi. Mejumaa alikuwa ameposwa na kijana wa Msambweni, harusi imekaribia, na mama yake alikuwa ameona kabati. Lilikuwa jeupe, lina milango miwili ya kioo, vitasa vya dhahabu, na sahani zenye maua ndani. Alilitazama asubuhi kabla ya chuo na jioni baada ya chuo.

Nikamuuliza, "Bi Maalim, na ile sheria yako? Kukiacha kitu na kurudi nyumbani mikono mitupu?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nirudi nyumbani wapi, Mama Mutheu? Si niko nyumbani?"

Nimelifikiria jibu lile miaka mingi. Sheria yake yote ilisimama juu ya njia, na kitabu kilikuwa kimeiondoa njia.

Yule bibi alipokuja kututembelea uani, alivipenda vikapu vya ukindu vya Bi Maalim mpaka akavikumbatia. Mapatano yalifanyika hapohapo, mimi nikiwa mkalimani. Bi Maalim atasuka vikapu, bibi atawapelekea rafiki zake, na akirudi atakuja na vitu vya kitabuni. Bi Maalim alikuwa amekwisha kukata picha zake kwa mkasi. Kabati lilikuwa la kwanza. Halafu saa ya ukutani. Halafu mwavuli wa kukunja, na mashine ya kupigia mayai, yeye ambaye hakupata kuoka keki. Bibi alizipokea picha, akawatazama watoto wa chuo waliojazana uani, akatabasamu, akasema sawa.

"Kabati litakujaje kwa ndege?" aliuliza Mejumaa.

"Vya wenzetu hukunjwa," alijibu mama yake.

Basi zikaanza zama za ukindu. Bi Maalim alisuka akila, alisuka akifundisha. Watoto walisoma huku wanasuka ukili, aya na ukili pamoja. Vidole vyake vilipasuka, akavifunga vipande vya leso kuukuu, akaendelea. Mwanamke aliyekataza kuwasha taa kabla ya magharibi alikuwa akijimaliza mikono kwa mashine ya mayai. Nilimwambia apumzike. Akasema, "Kidogo tu, mwanangu, bado mwavuli."

Na kosa kubwa alilifanya katika furaha ile. Alikuwa na wifi yake huko Tiwi, dada wa marehemu mumewe, ambaye mchwa walimlia rafu za vyombo. Bi Maalim akaamua kumpa kabati la mvule. Chumba kipate nafasi, alisema, kipya kikija.

Mejumaa alikuwa amesimama na tambara mkononi, analifuta. "Mama, mimi hili linanitosha."

"Linakutosha? Watu wa Msambweni waje waone kioo cha plasta? Huoni haya?"

"Ni langu, mama."

"Lako linakuja, tena jipya! Mtoto gani huyu asiyetaka kipya?"

Pikapu ya nazi ikalichukua siku ileile. Sahani zikabaki sakafuni kwenye maboksi. Mejumaa aliingia ndani, hakula.

Bibi alirudi siku chache kabla ya harusi. Tulimsikia njiani, tukatoka sote, wanawake wa mkeka mzima, na Bi Maalim mbele. Bibi alishuka na begi la kawaida. Akatoa saa, akatoa mwavuli, akatoa mashine ya mayai. Kisha akatoa boksi dogo, kama la viatu vya mtoto, akalikabidhi kwa mikono miwili.

"Hizi ni funguo," Bi Maalim alitunong'oneza. "Lenyewe liko garini."

Alilifungua. Kabati lilisimama kwenye kiganja chake. Lilikuwa jeupe, lina milango miwili ya kioo, lina vitasa vya dhahabu, na sahani zake zilikuwa saizi ya vifungo vya shati.

Nami nikiri hapa kwamba niliuma leso yangu nisipasuke kwa kicheko, na papo hapo nilitaka kulia, kwa sababu nilimwona Mejumaa.

Bi Maalim hakumtazama bintiye. Alimtazama mgeni wake, aliyekuwa akingoja kwa furaha, mikono kifuani.

"Masha'Allah," alisema. "Mama Mutheu, mwambie ni zuri sana."

"Bi Maalim..."

"Mwambie. Kwani si zuri?"

Nikamwambia. Akamkaribisha chai ya iliki na kaimati, akamwita mtoto wa chuo aje ashike kabati ili bibi aone amefurahi, akamsindikiza hadi barabarani. Yule bibi hajui mpaka leo. Aliporudi, Bi Maalim alichemsha maji, akashika kitabu juu ya mvuke, akaanza kuubandua ukurasa aliougandisha, ule uliokuwa jirani na kabati. Ukaachia. Alikuwapo mtoto wa plastiki mwenye macho ya buluu, amesimama karibu na kabati lilelile, na kichwa chake kimelipita.

"Nilimfunika shahidi kwa uji," alisema Bi Maalim.

Hapo tulicheka sote, isipokuwa mmoja. Mejumaa alikuwa amekaa juu ya maboksi ya sahani. "Mimi sikutaka jipya," alisema. "Nililitaka langu. Nilikwambia."

Bi Maalim alikiweka kitabu chini. Ungesema suluhisho lilikuwa rahisi: Tiwi si mbali, aende akamwombe wifi yake. Lakini hamkusoma chuoni kwake. Palikuwa na mtoto aliyempa mwenziwe tiara la karatasi la kurusha upeponi, halafu akalidai. Bi Maalim aliwasimamisha wote kwenye jua na kuwafundisha, tukasikia hadi vyumbani: mwenye kurudia zawadi yake hana haya. Ukishampa mtu kitu, mdomo wako usikitaje tena. Mtaa mzima ulikuwa na watu waliokua na somo lile. Angewezaje?

Nilijitolea kwenda mimi. Nilimwambia mimi si mwanafunzi wake.

"Ukienda wewe, ni mdomo wangu umekwenda," alisema. "Kaa."

Siku ya kupeleka vyombo, wanawake wa Msambweni walifika na vigelegele, wamevaa sare ya leso mpya. Ni desturi waviangalie vyombo vya bibi harusi kabla havijapakiwa. Sahani za nukta nyekundu zilipangwa mkekani, na mbele yake, peke yake, palikuwa na kabati la kiganjani. Bi Maalim alisimama, kidole juu.

"Wageni wangu, hili ndilo kabati la binti yangu. Naona mwatazamana. Subirini niwaeleze mtu mzima alivyofanya israfu akiwa amekaa juu ya mkeka wake mwenyewe."

Akawasimulia yote: kitabu, uji, macho ya buluu, funguo. Hakujihurumia hata kidogo. Mama mkwe alicheka mpaka akaomba maji. Wifi yake wa Tiwi alikuwa pale, akicheka na kujifuta machozi, naye hakusema kitu, na Bi Maalim hakumtazama. Mejumaa alitoka kwao siku ile na vyombo vyake ndani ya maboksi. Alipomkumbatia mama yake alimkumbatia kweli, lakini nilimwona akigeuka kulitazama lile pengo ukutani.

Baadaye kidogo kazi ilituhamishia Shanzu, upande wa pili wa Mombasa. Sikumwona Bi Maalim mpaka mwaka wa tisini na tisa ulipokuwa ukimalizika, Mejumaa aliponiita Msambweni kwenye arubaini ya mtoto wake wa kwanza. Nilipiga hodi, nikangoja niitikiwe, nikaingia na shikamoo yangu kamili.

Jambo la kwanza nililoliona chumbani halikuwa mtoto. Lilikuwa kabati la mvule. Kioo cha plasta, alama ya meno, nukta nyekundu zote ndani. Bi Maalim alikuwa ameketi mkekani mbele yake, amepakata mjukuu, akajidai hanioni ninavyoshangaa.

"Bi Maalim! Ulimwomba?"

"Mimi? Wallahi mdomo wangu haukulitaja. Muulize mwenyewe."

Wifi wa Tiwi alikuwa pembeni akikuna nazi. "Hakulitaja," alisema. "Kila Ijumaa alikuja kwangu. Ana kwa ana na kabati hilo, hapo hapo anakaa. Ninamwekea kiti dirishani, anakihamisha. Anakunywa chai yangu, analitazama, anashusha pumzi, anaaga. Ijumaa hii, Ijumaa ile. Mwanamke huyu alinimalizia sukari! Mjukuu alipozaliwa nikasema, haya, hili ni zawadi ya mtoto, lichukueni kabla sijafa."

"Nilikwenda kumtazama wifi yangu," alisema Bi Maalim.

"Na macho, Bi Maalim?" nikamuuliza.

"Somo lilikuwa la mdomo." Akaangua kicheko, vidole vyake vyenye makovu ya ukindu vikimtikisa mtoto, nasi tukaangua naye. Mejumaa alicheka kuliko sote. Kabati dogo lilikuwa juu ya kubwa, na ndani ya milango yake ya kioo palikaa pete yake ya harusi anapofua.

Tulipokuwa tukila, mume wa Mejumaa, ambaye siku hizo alikuwa karani wa mapokezi katika hoteli huko Diani, akatuletea habari za kazini. Kompyuta imewekwa pale. Mgeni mmoja alikaa mbele yake, akaona picha za vitu, akabonyeza kidole, basi, amenunua. "Hata posta haendi, mama. Hata kumngoja mtu wa kuleta kitabu, hakuna."

Bi Maalim alikuwa ameshika tonge. Likabaki hewani. Alitulia kabisa, kama nilivyomwona akitulia siku ile ya kwanza, na macho yake yakaanza kung'aa.

Mejumaa alimwona. Aliinuka, akamchukua mtoto, akaenda akaegemeza mgongo wake kwenye kabati la mvule, milango yote miwili akaifunika.

"Hili halitoki," alisema.

"Nani kasema litoke?" alijibu mama yake, tayari anatafuta buibui lake. "Mimi nauliza tu, mwanangu. Hiyo kompyuta inafunguliwa upande gani?"